Basili wa Kaisaria na Maghala Yaliyofungwa

Katika kalenda nyingi za Kianglikana tarehe 2 Januari ni siku ya kumkumbuka Basili, Askofu wa Kaisaria. Wengi wetu twamjua kwa mafundisho yake juu ya Roho Mtakatifu. Leo twapenda kueleza habari zake za mwaka wa njaa, alipokuwa bado kasisi tu.

Kaisaria hii si ile ya pwani alikokaa Kornelio. Hii ilikuwa mji mkuu wa Kapadokia, bara kabisa, katika nyanda za juu zenye baridi kali. Leo yaitwa Kayseri, nchini Uturuki. Basili alizaliwa yapata mwaka 330 katika jamaa yenye mali, Wakristo tangu siku za bibi yake Makrina. Alisoma Kaisaria, Konstantinopoli na mwisho Athene, pamoja na rafiki yake Gregori wa Nazianzo. Huko alikuwako pia kijana mmoja wa jamaa ya kifalme, jina lake Julian, ambaye tutamrudia. Basili alirudi nyumbani na majivuno ya elimu (sisi walimu twaujua ugonjwa huo), hata dada yake, naye Makrina, akamwonya. Akaacha kufundisha, akabatizwa, akaenda kuwatazama watawa wa Misri, Palestina na Shamu. Baadaye akawekwa kasisi.

Yapata mwaka 369 ukame ukaingia. Majira ya baridi yalipita makavu bila theluji, na mvua zilizotazamiwa baadaye hazikunyesha. Mito ilikauka, ardhi ikapasuka, wakulima wakaketi mashambani wamekumbatia magoti wakilia. Mji wa pwani ukipatwa na njaa hupata nafuu, kwa kuwa vyombo huleta nafaka kutoka ng'ambo. Kaisaria haikuwa na bandari, na kusafirisha nafaka kwa nchi kavu kulikuwa ghali mno. Basi mwenye ghala lililojaa alikuwa kama mfalme. Wenye nafaka wakafunga milango, wakangoja bei ipande. Huo ndio ulanguzi, na sisi tuliopanga foleni za unga na sukari miaka ya 1980 hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Mtu atauliza, mbona Serikali haikupanga bei? Dawa hiyo ilikuwa imekwisha kujaribiwa. Mwaka 301 Kaisari Diocletian alitangaza bei za vitu vingi, na adhabu ya kifo kwa mwenye kuzidisha, bidhaa zikafichwa. Kisha yule Julian, alipokuwa Kaisari, alikuta njaa Antiokia mwaka 362. Akapanga bei nafuu, akaleta nafaka kutoka Misri na kwingineko. Matajiri wakainunua hiyo hiyo, wakaiuza kwa siri nje ya mji kwa bei kubwa.

Basili hakuwa hata na amri kama hiyo. Alikuwa na mimbari. Akahubiri kwamba mwenye uwezo wa kuondoa njaa ya mwenzake, akakataa kwa tamaa, ahesabiwe kama muuaji. Katika mahubiri yake juu ya tajiri mpumbavu wa Luka 12 aliwakataza wenye nafaka wasingoje uhaba ndipo wafungue ghala. Akawaonyesha baba maskini mwenye kulazimika kumwuza mtoto mmoja ili wengine wale. Amwuze yupi? Mkubwa ana haki yake, mdogo anatia huruma, huyu anafanana na wazazi wake, yule ni hodari wa masomo. Mwisho baba aenda sokoni akilia, na mnunuzi bado abishana naye juu ya bei.

Aliona pia jambo ambalo mwalimu hawezi kulipita. Walioletwa kanisani kuomba mvua walikuwa watoto wa shule, wamefurahi kuweka vibao vyao chini kana kwamba ni likizo, huku baba zao wakibaki mjini katika biashara zao. Basili alikasirika sana: wasio na hatia waliletwa kutubu, wenye hatia walikuwa wakihesabu fedha.

Maghala yakafunguliwa. Gregori ashuhudia kwamba ni maneno yake yaliyoyafungua. Basili mwenyewe alitumia urithi wake kuwalisha watu, akakusanya wenye njaa, wazee kwa watoto, akaweka masufuria makubwa ya mchuzi wa kunde na nyama ya chumvi, akajifunga kitambaa na kuwahudumia pamoja na watumishi.

Mwaka 370 akawa askofu. Nje ya mji akajenga nyumba za wagonjwa, wakoma na wageni, mahali palipoitwa Basilia, na ziada za matajiri zikawekwa huko kwa matumizi ya maskini. Alifariki tarehe 1 Januari 379, umri wake miaka hamsini hivi. Siku ya maziko watu walijaa barabarani na katika ghorofa za nyumba. Wapagani na Wayahudi waliomboleza pamoja na Wakristo, na msongamano ulikuwa mkubwa hata baadhi yao wakafa humo.