Adrian Atiman, Tabibu wa Karema

Mwezi Aprili mwaka 1956, huko Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, alifariki mzee aliyewatibu watu wa nchi ile kwa miaka 67. Hakuwa mzaliwa wa huko. Aliletwa duniani yapata mwaka 1866 karibu na mto Niger, upande wa Timbuktu, katika nchi iitwayo leo Mali, naye alipokuwa angali mtoto alikamatwa na wezi wa watu, akavushwa jangwa la Sahara ili auzwe. Jina lake ni Adrian Atiman.

Huko Aljeria Wamisionari wa Afrika, waitwao Mapadri Weupe, walimkomboa kwa fedha, wakamlea na kumsomesha. Alibatizwa mwaka 1882. Mwasisi wa shirika hilo, Kardinali Lavigerie, aliona kwamba Waafrika wapaswa kuhudumiwa na Waafrika wenzao. Kwa hiyo aliwapeleka Atiman na vijana wengine waliokombolewa katika kisiwa cha Malta, wakajifunze uganga wa kisasa. Mwaka 1888, Kardinali huyo alipokuwa akizunguka Paris, London na Brussels kuhubiri dhidi ya biashara ya watumwa, Atiman alifunga safari kuja Afrika ya Mashariki. Alifika Karema mwaka 1889.

Misafara ya watumwa ilikuwa ingali ikipita pande za ziwa hilo, na misioni ilikuwa imejaa watoto waliokombolewa kama yeye. Atiman aliwatibu hao na wenyeji pia. Alipasua, alifunga majeraha, alichunguza mitishamba ya nchi, tena alikuwa katekista. Alioa binti wa mkuu wa Wabende, aitwaye Agnes, na mwana wao Joseph alipata daraja ya upadri. Mwaka 1946 habari za maisha yake, alizozieleza mwenyewe, zilichapishwa. Hakuficha kwamba aliwahi kuuzwa. Leo hospitali moja mjini Sumbawanga yaitwa kwa jina lake.

Wasomaji wa Bukoba na Muleba wataona kwamba Karema ni mbali. Lakini biashara iliyomvunjia Atiman nyumba yao ilifika hata huku kwetu. Kafuro, katika Karagwe, palikuwa kituo cha wafanyabiashara Waarabu, katika njia itokayo Tabora kwenda Buganda. Nguo na bunduki zilipanda, pembe za ndovu na watu wakashuka. Na shirika lile lile lililomkomboa Atiman ndilo lililofungua misioni ya Kashozi mwaka 1892, mwaka aliokufa Lavigerie, na seminari ya Rubya mwaka 1904.

Sheria ilifuta utumwa katika Tanganyika mwaka 1922. Waliokuwa watumwa wakawa huru, wakazaa, wakalima vibanja vyao. Hata hivyo, kuna jambo ambalo sheria haiwezi kulifuta. Pakitokea ugomvi wa mpaka au wa urithi, yuko mzee aweza kunong'ona kwamba nyanya wa fulani alinunuliwa. Posa ikiletwa, jamaa huuliza ukoo. Na kijana asiye na jibu la kuwaridhisha aweza kurudishwa, ingawa ni mwadilifu na mchapa kazi. Hivyo anayelipa ni mjukuu, na deni si lake: aliyeibwa hakutenda kosa, kosa ni la mwizi na la mnunuzi.

Wabende wa siku zile wangeweza kusema hivyo hivyo juu ya Atiman. Alikuwa mgeni kabisa, hakuwa na baba wala mjomba wa kumsimamia, na kila mtu alijua kwamba thamani yake ilikwisha kuhesabiwa sokoni. Lakini mkuu wao alimpa binti yake, na nchi nzima ikamkabidhi wagonjwa wake.

Wazazi wanaotazama posa mwaka huu nyumbani wamwulize kijana kazi yake, imani yake na mwenendo wake. Kama nyanya yake alipita njiani akiwa amefungwa kamba, hilo ni jambo la kumhurumia nyanya, wala si la kumnyima mjukuu mke.