John Gibbon, tabibu aliyebuni mashine ya moyo na mapafu

Mgonjwa wa Tanga, Pangani au Muheza anayehitaji kufunguliwa moyo hupelekwa Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI). Humo moyo husimamishwa, na mashine hushika zamu ya kupeleka damu yenye oksijeni kwenye ubongo, figo na ini, viungo visivyostahimili njaa ya damu kwa muda mrefu.

Asili ya mashine hiyo ni mkesha mmoja mjini Boston, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1930. John Heysham Gibbon, daktari kijana aliyezaliwa Philadelphia mwaka 1903, alikesha kando ya mwanamke aliyezibwa na bonge la damu katika mshipa wa mapafu. Usiku kucha alipima msukumo wa damu huku damu yenyewe ikizidi kuwa nyeusi. Bonge liliondolewa kwa dakika chache tu, lakini mgonjwa hakupona. Gibbon akajiuliza: je, damu hiyo isingeweza kutolewa, ikatiwa oksijeni nje ya mwili na kurudishwa?

Wakubwa wake wengi hawakuona maana ya swali hilo. Yeye na mkewe Mary, aliyekuwa msaidizi wake wa maabara, waliendelea kufanya majaribio kwa paka, na mwaka 1935 mashine yao ikamweka mmoja hai kwa dakika 26. Vita Kuu ya Pili ilikatiza kazi hiyo. Baada ya vita, kampuni ya IBM ilisaidia kuunda mashine bora zaidi.

Mgonjwa wake wa kwanza, mtoto mchanga, alifariki mwaka 1952. Mei 6, 1953, Gibbon aliziba tundu katika moyo wa msichana wa miaka 18, akapona. Hata hivyo, watoto wawili waliofuata walifariki, naye akaacha kabisa upasuaji wa namna hiyo. Wengine, wakiongozwa na John Kirklin, ndio walioikamilisha mashine. Kuukinga moyo wenyewe ukiwa umesimama lilikuwa suala jingine, lililopata jibu kwa baridi na dawa zenye potasiamu.

Muhimbili ilianza upasuaji wa kufungua moyo mwaka 2008. Gibbon alikwishafariki Februari 5, 1973, kwa shambulio la moyo, akicheza tenisi.