Ludwig Chronegk, Mwongozaji wa Umati

Mtahiniwa, bila shaka umewahi kusikia Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili. Kumbuka mazishi ya Kaizari: wananchi wa Roma wanamsikiliza Antonius, na muda si mrefu wanakimbia kwenda kuchoma nyumba za wauaji. Sasa jiulize, jukwaani wananchi hao huwa ni akina nani? Huko Ulaya, kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, mara nyingi walikuwa askari au vibarua waliolipwa fedha kidogo ili wasimame kama nguzo nyuma ya mwigizaji mkuu. Ludwig Chronegk ni miongoni mwa waliobadilisha jambo hilo.

Alizaliwa mwaka 1837 katika mji wa Brandenburg, Prussia. Mwaka 1866 aliajiriwa kama mwigizaji wa vichekesho huko Meiningen, mji mkuu wa mojawapo ya vile vidola vya Wajerumani unavyovijua katika Historia, kabla ya muungano wa 1871. Mtawala wake, Georg II, alipenda sana maigizo, na alichora maleba na mandhari kwa mkono wake. Mke wake, Ellen Franz, aliyekuwa mwigizaji, alisaidia kuchagua tamthilia na kunoa usemaji wa waigizaji. Chronegk akapewa uongozaji. Hapa usichanganye: mtawala alibuni, Chronegk alitekeleza. Vitabu vingi humsifu mtawala peke yake. Mimi naona si haki, maana mchoro hautembei wenyewe jukwaani.

Tazama alivyofanya kazi. Umati uligawanywa katika vikundi vidogo, kila kikundi kikiongozwa na mwigizaji mzoefu. Kila mmoja alijua lini anyanyue mkono, lini apige kelele, lini anyamaze. Mwigizaji mkuu ambaye usiku huo hakuwa na nafasi kubwa alilazimika kuingia katika umati, apende asipende. Mazoezi yalifanyika mapema pamoja na maleba na vifaa halisi, ili mtu azoee uzito wa ngao yake.

Tarehe 1 Mei 1874 kundi lilionyesha Juliasi Kaizari mjini Berlin. Watazamaji wa jiji kubwa walishangazwa na kundi kutoka mji mdogo. Kuanzia hapo Chronegk alilizungusha Ulaya kwa miaka 16, likafika London mwaka 1881 na Moscow mwaka 1885, na kutoa maonyesho zaidi ya 2,500. Treni, mizigo, mikataba, mazoezi katika kila ukumbi mpya: yote yalimwangukia yeye.

Kundi liliporudi Moscow mwaka 1890, kijana Konstantin Stanislavsky alifuatilia kazi yake kwa makini. Aliona nidhamu kali mno: mazoezi yalianza kwa kengele, na aliyechelewa aliweza kunyang'anywa nafasi yake. Stanislavsky aliiga ukali huo, ingawa baadaye aliuona una kasoro, kwani mwigizaji anayeamriwa kila kitu hajifunzi kuhisi mwenyewe. Ukiulizwa udhaifu wa Chronegk, anzia hapo.

Mwaka huohuo ziara zilikomea Odessa. Afya yake ilikuwa imeshadhoofika kwa miaka kadhaa. Alifariki Meiningen Julai 1891, akiwa na miaka 53, na kundi halikusafiri tena.