Nellie Bly: Walimpa maua na fasheni, yeye akataka habari

Hebu fikiria una miaka 20. Karo ilikwisha baada ya muhula mmoja tu chuoni. Baba alifariki ukiwa na miaka sita na hakuacha wosia. Mama akaolewa tena, jamaa akageuka mlevi na mkali, na wewe mwenyewe ukiwa tineja ukasimama kortini kutoa ushahidi mama apate talaka. Sasa mko mjini mnatafuta riziki. Siku moja unafungua gazeti na kukuta mwandishi wa safu, mwanamume bila shaka, akieleza ati kazi ya msichana ni kupika na kushona, na kwamba mwanamke anayeajiriwa ni kioja.

Ungefanya nini? Leo pengine ungemjibu mtandaoni kisha ulale. Elizabeth Cochran, mzaliwa wa 1864 jimbo la Pennsylvania, Marekani, alichukua kalamu.

Ilikuwa Januari 1885 na gazeti lilikuwa Pittsburgh Dispatch. Barua yake haikuwa na jina, aliitia sahihi ya yatima mpweke tu. Sarufi ilikuwa ya kubahatisha lakini moto wake ulimvutia mhariri, George Madden, aliyechapisha tangazo la kumtafuta mwenye barua. Mwanadada akajitokeza ofisini, akapewa kazi. Enzi hizo mwanamke hakuandika gazetini kwa jina lake halisi, kwa hivyo wakamchagulia moja kutoka kwenye wimbo. Hata hilo walikosea tahajia, na kosa likabaki: Nellie Bly.

Usidhani mambo yalinyooka. Aliingia viwandani kuandika kuhusu wasichana waliofanya kazi saa nyingi kwa malipo duni. Wenye viwanda wakalalamika, na wewe unajua nani hulipia matangazo. Punde si punde Nellie akajipata kwenye ukurasa wa wanawake: maua, nguo, karamu za matajiri. Kama umewahi kuingia chumba cha habari ukiwa na ndoto ya kufichua ufisadi ukaambiwa uandike kuhusu harusi za watu maarufu, basi hapo mnaelewana.

Alikataa kukaa. Akiwa na miaka 21 alielekea Mexico kuripoti, mamake akiwa kando yake kwa sababu msichana kusafiri peke yake lilikuwa jambo la aibu. Aliandika huko karibu nusu mwaka, hadi alipoikosoa serikali ya Porfirio Díaz kwa kumfunga mwanahabari na ikambidi aondoke kabla hajatiwa mbaroni. Na aliporudi Pittsburgh? Sanaa na maigizo. Mnamo 1887 akafunga virago, akaenda New York.

Huko alisota miezi kadhaa, milango imefungwa, chapaa zinaisha. Ndipo akabuni ujanja ambao binafsi ninauona mtamu kuliko yote aliyofanya baadaye. Kwa kuwa bado alikuwa akilitumia gazeti la Pittsburgh makala, aliomba kuwahoji wahariri wakubwa wa New York kuhusu swali moja: kwa nini hawaajiri wanawake? Wale wale waliokuwa wamemfungia mlango wakamkaribisha kitini. Mmoja akasema wanawake si makini na ukweli. Mwingine akasema habari za uhalifu na kashfa si za kumtuma mwanamke, ni kumkosea heshima. Nellie aliandika yote, na yakachapishwa.

Muda si mrefu baadaye akaingia ofisi za New York World, gazeti la Joseph Pulitzer, na kukataa kuondoka bila kazi. Wakampa mtihani: ajifanye mgonjwa wa akili, afungiwe katika hospitali ya wanawake ya kisiwa cha Blackwell, kisha aandike. Kuhusu jinsi ya kutoka, ahadi ilikuwa kwamba wangefanya mpango.

Alifanya mazoezi mbele ya kioo, akapanga chumba katika nyumba ya wanawake, akakesha bila kulala hadi wapangaji wakaogopa. Polisi, hakimu, madaktari. Kila mmoja akaamini. Alipofika kisiwani aliacha kabisa kuigiza, akaongea na kutembea kawaida. Hakuna aliyejali. Alikula mkate mgumu na siagi iliyooza. Alimwagiwa maji baridi ndoo baada ya ndoo kwenye baridi kali. Aliwaona wauguzi wakipiga wagonjwa, na akakutana na wanawake wasio na ugonjwa wowote, baadhi yao wahamiaji ambao kosa lao lilikuwa kutojua Kiingereza. Baada ya siku 10 wakili wa gazeti alikuja kumtoa.

Makala zilipotoka Oktoba 1887, jopo la mahakama lilizuru kisiwa na fedha za huduma hizo zikaongezwa. Sasa rudi kwa wale wahariri. Habari kubwa zaidi ya msimu ilikuwa ndani ya wodi za wanawake, mahali ambapo ripota yeyote wa kiume asingeweza kulazwa.

Hapa lakini nina kinyongo kidogo. Magazeti mengine yaliona mauzo, yakaanza kuajiri wasichana kwa vituko kama hivyo. Mwanamume aliripoti bunge akiwa amekalia kiti. Msichana, ili aingie ukurasa wa kwanza, alipaswa kuhatarisha mwili wake.

Mnamo 1888 Nellie alitaka kuizunguka dunia. Ofisini wakamwambia safari hiyo ni ya mwanamume, ati mwanamke atahitaji msindikizaji na masanduku chungu nzima. Alipotisha kwenda kwa niaba ya gazeti lingine wakalegea. Aliondoka Novemba 14, 1889, na mkoba mmoja na gauni alilovaa, akapitia Suez, Aden, Colombo, Hong Kong na Yokohama, akarejea baada ya siku 72. Gazeti lilivuna wasomaji kwa maelfu. Yeye hakupewa hata bonasi, akaacha kazi.

Alirudi tena baadaye, akaolewa na tajiri mzee, akarithi kiwanda kikafilisika kwa wizi wa wafanyakazi, na Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka akaripoti kutoka Austria. Nimonia ilimuua Januari 27, 1922, akiwa na miaka 57 na bado ni mwandishi wa safu. Mhariri wake, Arthur Brisbane, aliandika kwamba ndiye aliyekuwa ripota bora Marekani, bila kuongeza kuwa ni kati ya wanawake. Kaburi lake huko Bronx, hata hivyo, lilikaa bila jiwe la jina hadi 1978, chama cha wanahabari wa New York kilipoliweka.