Sayyida Salme na Mfupa wa Bega la Ngamia

Mwaka 1844 tunaujua sote hapa Uganda. Ndio tunaouhesabu kuwa mwaka wa kufika Uislamu Buganda, Ahmed bin Ibrahim alipozungumza mbele ya Kabaka Suuna. Mwaka huohuo, tarehe 30 Agosti, katika jumba la Mtoni huko Unguja, Sultani Sayyid Said alipata binti kwa suria wake Mcherkesi, Jilfidan. Mtoto akaitwa Salme.

Kumbukumbu zake za mwanzo kabisa ni za Mtoni: ua mpana wenye tausi, paa na mbuni waliotembea huru, hamamu zilizojaa watu, na roshani ya pwani ambako baba yake alipenda kwenda na kurudi peke yake, ameinamisha kichwa. Alipofikisha miaka saba akahamia mjini pamoja na mama yake, kwa kaka yake Majid. Kuondoka Mtoni kulimuuma sana, lakini Majid alimpenda na akamfundisha kutumia silaha.

Kilichomjenga zaidi ni chuo. Wavulana walifundishwa kusoma Qur'ani na kuandika. Slate yao ilikuwa mfupa wa bega la ngamia, na kalamu ilikuwa ya mwanzi. Wasichana walisomeshwa kusoma tu, basi. Salme akatwaa mfupa wake, akajificha, akaanza kunakili herufi za msahafu moja moja. Baadaye mtumwa mmoja aliyejua kuandika akamnyoosha mkono. Siri ilipofichuka, alilaumiwa vikali.

Hapa sisi wanafunzi wa dini tusimame kidogo. Katika Sunan ya Abu Dawud imepokewa kwamba al-Shifa bint Abdullah alimfundisha Bibi Hafsa kuandika, na Mtume (s.a.w.) alilijua hilo na hakulikataza. Kwa hiyo waliomkemea Salme walikuwa wanalinda mila ya jumba, si Sunna.

Baba alifariki baharini mwaka 1856, akirudi kutoka Oman. Mama akachukuliwa na kipindupindu mwaka 1859. Mwaka huo kaka mwingine, Barghash, akataka kumpindua Majid, na dada yao Khole akamvuta Salme upande huo. Wapinzani walihitaji mtu wa kuandika barua za siri. Binti wa miaka 15 akawa karani wa uasi dhidi ya kaka aliyemlea. Uasi ukavunjwa kwa msaada wa Waingereza, Barghash akapelekwa Bombay. Majid hakumwadhibu. Salme alipopatana naye, Khole na Barghash nao wakamkasirikia, na hasira hiyo haikwisha.

Ya baadaye yanajulikana. Akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, alitoroka mwaka 1866 kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden. Mwaka 1867 akabatizwa jina la Emily, akaolewa, akaenda Hamburg. Siandiki ili kupamba uamuzi huo. Kuacha dini ni msiba. Ila naona watu wengi hufunga habari zake hapo, kana kwamba hakukuwa na mtu tena baada ya Aden. Mwaka 1870 mumewe aligongwa na tramu akafa, akamwachia watoto watatu, mkubwa akiwa na miaka miwili, katika nchi ya baridi ambayo hakuwa na ndugu hata mmoja. Alitafuta riziki kwa kufundisha lugha.

Ndipo mkono uliojifunza kwa siri ukarudi kazini. Afya ikiwa dhaifu, akaanza kuwaandikia wanawe habari za Mtoni, wajue mama yao ametoka wapi. Kitabu kilichapishwa Berlin mwaka 1886. Si kitabu kisicho na kasoro: anautetea utumwa, jambo gumu kulisoma, hasa ukikumbuka ni nani aliyemfundisha mwandiko. Lakini maisha ya ndani ya majumba yale, vyakula, Ramadhani, Idi, maradhi na ugomvi wa wake, tumeyapata kwa kalamu ya mtu aliyeyaishi.

Alirudi Unguja mwaka 1885, na tena 1888. Mwaka 1885 Barghash, sasa Sultani, alikataa kumpokea. Alifariki Jena tarehe 29 Februari 1924, akazikwa Hamburg kando ya mumewe. Katika vitu vyake kulikutwa kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja, wakamzika nacho.