William Hamilton, mtaalamu wa undugu aliyetafuta chanzo cha Sida katika misitu ya Kisangani

Tarehe 7 mwezi wa tatu mwaka 2000, mtaalamu wa biolojia William Donald Hamilton alifariki katika hospitali moja ya Uingereza akiwa na miaka 63. Wiki chache kabla, alikuwa katika misitu iliyo karibu na Kisangani, akiokota mavi na mikojo ya sokwe. Wakaaji wengi wa mji huo hawakujua kwamba mzungu huyo mwenye mvi alikuwa mmoja wa wanasayansi wakubwa wa karne ya 20.

Hamilton alizaliwa tarehe 1 mwezi wa nane 1936 mjini Cairo, Misri, kwa wazazi waliotoka New Zealand. Alikulia kusini mwa Uingereza, akipenda sana kukamata vipepeo na wadudu. Alipokuwa na miaka 12, vilipuzi ambavyo baba yake aliacha nyumbani baada ya vita vilimlipukia, akapoteza sehemu ya vidole vya mkono wa kulia. Mama yake, aliyekuwa daktari, alisaidia kuokoa maisha yake.

Akiwa mwanafunzi, swali moja lilimsumbua. Ikiwa kila kiumbe kinapigania uhai wake, kwa nini nyuki anamchoma adui na kufa ili mzinga upone? Walimu wengi waliona swali hilo halina maana. Hamilton alifanya kazi peke yake, na mara nyingine jioni alikaa kwenye viti vya abiria katika stesheni ya treni ya Waterloo, London, kusudi asikie watu karibu naye.

Jibu lake lilitoka mwaka 1964, katika maandishi ya sehemu mbili yaliyojaa hesabu. Alionyesha kwamba jeni, yaani chembe za urithi tunazopokea kwa wazazi, zinaweza kuenea kwa njia mbili: kupitia watoto wetu wenyewe, ao kupitia ndugu tunaowasaidia. Ndugu wa baba na mama mmoja wanashiriki kwa wastani nusu ya urithi huo. Wa baba mmoja na mama mbalimbali, robo. Mtoto wa baba mdogo ao wa shangazi, sehemu moja juu ya nane. Msaada wa kujitoa unaweza kudumu katika kizazi ikiwa faida anayopata ndugu, ukiizidisha kwa kiasi cha undugu, inapita hasara ya yule anayesaidia. Kanuni hiyo sasa inabeba jina lake, na inafundishwa katika vyuo vikuu duniani kote.

Baadaye Hamilton aligeukia magonjwa. Akiwa Michigan, Marekani, na tangu 1984 katika chuo kikuu cha Oxford, alitetea wazo kwamba viumbe vinazaa kwa kuchanganya urithi wa dume na jike kwa sababu ya vimelea. Vimelea vinabadilika haraka. Mtoto anayetofautiana na wazazi wake ni kama mlango wenye kufuli mpya. Mwaka 1993 alipewa zawadi mbili kubwa, ya Crafoord kule Uswidi na ya Kyoto kule Japani.

Ni hamu hiyo ya kuelewa magonjwa iliyomleta Congo. Kati ya 1957 na 1960, wakati wa ukoloni wa Wabelgiji, chanjo ya polio ya kunywa ilijaribiwa katika inchi yetu, Rwanda na Burundi. Katika bonde la Ruzizi peke yake, watu zaidi ya 200 000 waliipokea mwaka 1958. Kando ya Kisangani, iliyoitwa Stanleyville, kulikuwa kambi ya Lindi ambako sokwe, ao sokomutu, walifugwa kwa ajili ya utafiti huo. Watu fulani walidai kwamba chanjo ilitengenezwa kwa viungo vya sokwe hao na ndiyo iliyoleta Sida. Wanasayansi wengi walikataa hata kuzungumza jambo hilo. Hamilton aliona kwamba shitaka zito namna hiyo linahitaji kupimwa, si kunyamazishwa.

Alikuja mara mbili, mwaka 1999 na mwezi wa kwanza 2000, wakati Kisangani ilikuwa mikononi mwa waasi na majeshi ya Uganda na Rwanda. Safari ya pili alikuja pamoja na watafiti wawili vijana. Huko akashikwa na malaria. Aliporudi London alilazwa hospitali, akatokwa damu nyingi tumboni, hakuamka tena. Wengi walisema malaria ndiyo ilimuua, lakini uchunguzi ulionyesha kwamba ni damu iliyovuja katika utumbo.

Kazi haikuzikwa naye. Mabaki ya chanjo ya zamani yalipimwa katika labo mbalimbali: hayakuwa na virusi vya Sida wala alama ya urithi wa sokwe. Mwaka 2004, wenzake wa safari walitangaza kwamba virusi vya sokwe wa eneo la Kisangani ni vya ukoo mwingine, tofauti na vile vilivyoleta Sida duniani. Tafiti nyingine zimeonyesha kwamba virusi hivyo vilitoka kwa sokwe wa kusini-mashariki mwa Kameruni, na kwamba vilikuwa vinaenea Kinshasa tangu miaka ya 1920, zaidi ya miaka 30 mbele ya chanjo ile.

Hamilton alidhani kwamba shitaka lile linaweza kuwa kweli. Tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba si kweli. Kwa mzazi wa Ruzizi ao wa Tshopo anayeulizwa leo kama mtoto wake apewe matone ya polio, jibu hilo bado lina uzito.