Askofu Festo Kivengere: Mwalimu Aliyeacha Pombe Akajifunza Rehema

Mara hii tumeona vema kusimulia maisha ya marehemu Askofu Festo Kivengere wa Uganda. Wengi wenu mmelisikia jina lake kama mhubiri mashuhuri, na kama askofu aliyeikimbia nchi yake wakati wa Idi Amin. Ni wachache wanaokumbuka kwamba alikuwa mwalimu wa shule, na kwamba katika ujana wake alikuwa mnywaji. Twawaandikia hasa wale walioacha pombe juzijuzi, pamoja na wale wanaoishi nao nyumbani.

Festo alizaliwa yapata mwaka 1919 katika nchi ya Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, kwa watu wafugao ng'ombe. Utotoni alichunga mifugo. Baadaye alisoma shule ya misheni, akapelekwa Mukono, katika Chuo cha Bishop Tucker, akatoka huko mwalimu. Aliporudi kwao kufundisha, imani aliyolelewa nayo ilikuwa imepoa. Alikuwa kijana mwenye mshahara na baiskeli, na marafiki wa kunywa nao hawakukosekana.

Sisi wa Nyanda za Juu twaweza kumwelewa. Huku Iringa mvua zikinyesha mianzi huchipua, mgema hukata ncha ya chipukizi na kutega mbeta, na ulanzi uliokuwa mtamu leo huwa mkali kesho. Mbeya wana komoni na kimpumu. Harusini pombe ipo, matangani ipo, na majirani wakiitana kulima ipo pia. Mama mjane huipika apate daftari na sare za watoto. Kwa hiyo aendaye kilabuni mara nyingi hafuati kinywaji tu. Anafuata wenzake, habari za mji na kicheko, na mahali ambapo akiingia huitwa kwa jina lake. Siku aachapo pombe huondoka pia katika baraza hilo, na wenzake humwona amewadharau. Tusishangae basi akiona njia ni ngumu.

Wakati ule Uamsho uliokuwa umeanza Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ulikuwa umefika Kigezi. Watu waliungama dhambi zao mbele ya wenzao, wakarudisha mali walizoiba. Waliitwa Balokole, yaani waliookoka. Mwalimu Festo aliwachukia, kwa kuwa walimsumbua dhamiri. Basi Jumapili moja, mwanzoni mwa miaka ya 1940, alikuwa akitoka kunywa alipokutana na rafiki yake. Rafiki huyo alimwambia kwamba siku ile amempokea Yesu, akamwomba radhi kwa mambo waliyokuwa wakiyasema na kuyatenda pamoja. Festo alikwenda nyumbani amefadhaika, akapiga magoti chumbani mwake. Tuangalie jambo hili: aliyemwamsha alikuwa rafiki yake mwenyewe, wala hakuja kumkaripia. Alianza kwa kusema makosa yake mwenyewe.

Baada ya hapo Festo alipanda baiskeli akaenda kama maili 50 hadi kwa mmisionari Mwingereza aliyekuwa akimchukia, akamwomba msamaha. Lakini hakuachwa aishi kwa nguvu za siku ile moja. Watu wa Uamsho walikuwa na desturi ya kukutana mara kwa mara, kila mmoja akisema wazi alivyoshinda na alivyoanguka, na wenzake wakamwombea. Aliyepoteza baraza la kibuyu alipata baraza jingine. Kwa maoni yetu, hapo ndipo penye siri ya wengi waliodumu.

Katika miaka ya 1940 yeye na mkewe Mera walihamia Dodoma, akafundisha kwa zaidi ya miaka 10 katika Shule ya Alliance, ambayo baadaye iliitwa Mazengo, na ambapo leo pana Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Hakuwa malaika. Mwenyewe alipenda kusimulia jinsi alivyogombana na mkewe, kisha akaondoka kwenda kuhubiri, akasutwa moyoni hata ikambidi arudi kwanza kupatana naye. Alianguka kama sisi, lakini hakukaa pale alipoanguka. Alirudi upesi.

Mwaka 1972 akawa Askofu wa Kigezi. Askofu Mkuu Janani Luwum alipouawa tarehe 16 Februari 1977, Festo na Mera walikimbia usiku, wakavuka milima kwa miguu hadi Rwanda. Mwaka huo huo alitoa kitabu kidogo ambacho jina lake lilitangaza kwamba anampenda Idi Amin. Baada ya Amin kuondolewa mwaka 1979 alirudi kulichunga kundi lake. Alifariki Nairobi tarehe 18 Mei 1988.

Sasa twauliza: ikiwa mtu huyu aliweza kumsamehe Amin, kwa nini wewe uliyeacha pombe hutaki kumsamehe yule mtu uliyekuwa mwaka jana? Tumewaona ndugu waliokaa miezi mitatu bila kunywa, wakateleza usiku mmoja matangani, kisha kwa aibu wakapotelea kilabuni mwaka mzima. Kikombe kimoja hakikuwamaliza. Aibu ndiyo iliyowamaliza. Amri ya kumpenda jirani kama nafsi yako hufikiri kwamba nafsi nayo itatendewa wema.

Lakini tusichanganye mambo. Anayejisikitikia husema hakuna amjaliye, kisha hutafuta kibuyu. Anayejirehemu hukiri kosa, huomba msaada, na huanza tena kesho asubuhi.

Mwili nao una madai yake. Aliyekunywa sana kwa miaka mingi akiacha ghafla aweza kutetemeka, kutoka jasho, kukosa usingizi, hata kupatwa na degedege au kuweweseka. Hiyo si laana wala ukosefu wa imani. Apelekwe hospitali upesi, maana hali hiyo yaweza kuua.

Nasi tulio jirani zake tuna kazi. Tukiwa na harusi au msiba, pasikose chai kwa asiyetaka pombe, wala asiulizwe sababu. Akiteleza, tusimcheke na tusimtangaze. Twende kumwona siku ya pili yake, kabla aibu haijamfunga mlango, tukae naye na kumsimulia makosa yetu wenyewe, kama yule rafiki alivyomfanyia mwalimu Festo njiani.